Sikio la Fundi

Uwanja namba nne uko nyuma kabisa, ukishapita tangi la maji na kamba za kuanikia taulo, na huko ndiko wanakotupwa siku hizi wachezaji wa wawili wawili. Watu hawaji. Alasiri ile ya nusu fainali watazamaji walikuwa thelathini na ushee, na kumi kati yao waliingia kutafuta kivuli tu. Kutoka kwenye benchi la nyuma ya mstari wa mwisho, Fundi aliwatupia jicho, akasonya. Enzi zake mchezo wa wawili wawili ulikuwa unafunga ofisi. Makarani walitoka kazini na tai zao shingoni, wakakaa juu ya ukuta miguu ikining'inia, na ukichelewa nusu saa huna pa kukanyaga. Zilikuwa suruali nyeupe zilizopigwa pasi, raketi za mbao, na ubao wa matokeo uliogeuzwa kwa mkono. Siku hizi umati wote uko uwanja mkubwa unawatazama wanaocheza mmoja mmoja, utadhani tenisi ilizaliwa jana.

Lakini leo hakuwa na nafasi ya kununa sana. Aliyesimama karibu na wavu, magoti kayakunja, raketi kaiinua kifuani, alikuwa mwanawe.

Kijana alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwenzake alikuwa mrefu kupita kiasi, kila mtu akimwita Mnara, hata mama yake mzazi. Waliingizwa kwenye mashindano haya ya kulipwa kwa hisani tu, wenyeji wawili wasiojulikana, na sasa walikuwa wamebakiza pointi moja waingie fainali. Katibu wa mashindano alishasema bila kuficha: wenyeji wakifika fainali, chama cha tenisi kitawapeleka nje msimu mzima, mashindano kumi na mawili, nauli na malazi juu ya chama. Wasipofika, basi. Jumatatu kijana angeanza kazi kwenye ghala la saruji, ambako mjomba wake alikuwa amemshikia nafasi wiki tatu na ameapa hataishika ya nne. Viatu vya kazi vilishanunuliwa. Vilikuwa chini ya kitanda ndani ya boksi lake, na hakuna mtu nyumbani aliyelifungua.

Seti ya mwisho ilikuwa ile fupi ya kukimbilia pointi kumi. Ilikuwa tisa kwa nane. Ng'ambo ya wavu alisimama Mkongwe, mtu wa miaka thelathini na tisa, goti kalifunga bandeji. Miaka ishirini alikuwa anakula kwa mchezo huu wa wawili wawili, na alikuwa ametangaza kuwa haya ndiyo mashindano yake ya mwisho. Mwenzake wa leo alikuwa wa kuokoteza. Wenzake halisi walishastaafu wote.

Mnara akaanzisha mpira. Mkongwe akaurudisha kwa nguvu zake zote, moja kwa moja kifuani kwa kijana pale wavuni. Kijana akapinda mgongo, akaivuta raketi pembeni ili mpira upite, na ukapita kweli, ukaenda kuangukia nje ya mstari wa mwisho kwa hatua nzima. Wakati huohuo uwanja mkubwa ukalipuka kwa shangwe ya mambo yao. Mwamuzi, juu ya kiti chake cha ngazi, akasema mpira umetoka na mchezo umekwisha.

Mnara akarusha raketi hewani. Fundi hakusogea. Alikuwa amesikia.

Ilikuwa sauti ndogo, ya ukucha unaogonga sahani. Watu wengi wasingeisikia. Ila Fundi alikuwa na miaka zaidi ya ishirini anawamba raketi za watu kwa nyuzi mpya katika chumba cha nyuma ya ofisi, na kazi yake yote ilikuwa sikioni. Mchezaji analeta raketi, yeye anazigonga nyuzi kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anakwambia zimelegea kiasi gani kabla hujaisoma mashine ya kukazia. Na raketi ile aliiwamba mwenyewe asubuhi. Alijua mpira ulipogusa: ukingoni, upande wa kulia, juu.

"Umemgusa," alisema Mkongwe. Alikuja mpaka wavuni, akaielekeza raketi yake kwa kijana. "Mwamuzi, mpira umegusa raketi yake kabla haujatoka. Pointi ni yetu."

"Mimi sikuona wala sikusikia," alisema mwamuzi.

"Ungesikia vipi na makelele haya? Muulize mwenyewe."

Ndiyo desturi ya mchezo huu tangu zamani. Aliyeguswa ndiye anayejua, kwa hiyo ndiye anayeulizwa. Mwamuzi akainama kidogo kwenye kiti chake. "Kijana. Umekugusa?"

Kati ya swali na jibu palipita muda wa kumeza mate. Katika muda huo Fundi alifanya jambo ambalo angeambiwa asubuhi angelikataa kata kata. Aliomba. Alimwomba Mungu wake kwa maneno kamili, midomo ikicheza: asiseme, akatae, Bwana mfunge mdomo. Kijana alikuwa ameinamia raketi, anazinyoosha nyuzi kwa vidole, moja baada ya nyingine, nyuzi ambazo hazikuwa zimepinda hata kidogo.

"Hapana," alisema.

"Mwizi mdogo wewe," Mkongwe akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kamba za taulo, akaokota begi lake na kuondoka bila kumpa mtu mkono.

*

Kwa nini Fundi aliondoka pale benchini kwa mlango wa nyuma, hata mwanawe hajampongeza? Kwa sababu alikuwa yeye, na kila mtu wa klabu ile aliyevuka miaka arobaini alijua yeye ni nani.

Miaka ishirini na minne nyuma, katika fainali ya wawili wawili, uwanja mkubwa, ukuta umejaa makarani, mpira ulimpitia Fundi begani ukatoka nje. Ulikuwa mpira wa ushindi. Mwenzake alishaanza kurukaruka. Mwamuzi hakuuliza, hakuna aliyeuliza. Fundi mwenyewe akanyanyua mkono: "Umenigusa shati." Basi. Pointi ikarudi, mchezo ukageuka, wakashindwa. Mwenzake akakusanya vitu vyake bila neno, akatafuta mwenzi mwingine, akaenda nje, na huko akaonekana. Mchezo wa wawili hauchezwi na mtu mmoja. Mwaka uliofuata Fundi alikuwa ndani ya kile chumba cha nyuma, msharasi wa kupenyezea nyuzi mkononi, anawamba raketi za wengine.

Jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu ni kwamba aliipenda dakika ile. Alikumbuka ukimya uliotanda, halafu makofi yaliyoanzia ukutani kwa makarani, na yule mwamuzi mzee akishuka ngazi moja moja kuja kumpa mkono. Alikuwa na miaka ishirini na sita, shati limemganda mgongoni, ameshindwa, na kila mtu anamtazama kwa macho mazuri. Kila alipokuwa peke yake na mashine yake alikuwa anairudia dakika ile, polepole.

Nyumbani dakika hiyohiyo ilikuwa kichekesho. Mke wake ndiye aliyekianzisha, na alikuwa na kipaji. Paa likivuja, anaitwa Bwana Mkono aje aseme ni kosa lake. Mtu akivunja kikombe, muulizeni Bwana Mkono, yeye hukiri hata ya jirani. Watoto walikua na maneno hayo, na Fundi alikuwa anacheka nao. Alishajizoeza kicheko maalumu kwa ajili hiyo, kifupi, cha mtu asiye na kinyongo.

Jioni ile ya ushindi vyumba vyao viwili nyuma ya tangi vilijaa majirani. Mama alikuwa kwenye kiti cha chini na rundo la taulo za klabu mbele yake, maana wiki ya mashindano alifua taulo mia na ishirini kwa siku, furaha au msiba. Alikuwa anakunja na kusimulia.

"Eti mwizi. Mwanangu mimi mwizi, mbele ya watu. Mzee mzima ameshindwa, badala ya kwenda kulala anatukana watoto." Akapiga taulo pajani kuinyoosha. "Afadhali aliulizwa mtoto. Angeulizwa huyu baba yake, saa hizi tungekuwa tunalia. Angekubali hata kama hakuguswa." Akanyanyua mkono juu, akabana sauti ya mtu mwenye adabu kuliko wote duniani. "Samahani mwamuzi, nadhani upepo wa mpira umenipitia."

Majirani wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Fundi naye akakitoa kicheko chake. Alipoinua macho aliona kijana amekaa kwenye ukingo wa kitanda, sahani ya chakula mapajani, hajala, anamtazama yeye. Hakuwa anacheka. Fundi akageuka kuangalia pengine.

"Mbona umepoa?" Mama alimuuliza baadaye, majirani walipotawanyika.

"Nimechoka tu."

"Siku ya kufurahi ndiyo unachoka," alisema Mama. Lakini alikuwa na furaha mno kuendelea na ugomvi. Alichukua lile boksi la viatu chini ya kitanda, akalipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku.

*

Asubuhi saa tatu Fundi alikuwa amefungua chumba chake na raketi ya kijana iko kwenye mashine. Fainali ilikuwa saa nane mchana. Nyuzi za wima alishazimaliza na alikuwa ameanza za kukingama, anazipenyeza juu na chini ya zile za wima, anavuta, anabana, anapenyeza tena. Ukingoni, upande wa kulia, juu, palikuwa na manyoya kidogo ya mpira, ya manjano. Alikuwa amepaona tangu alipoishika raketi. Hakupafuta, na hakujua kwa nini hapafuti.

Mlango ukagongwa, akaingia Mkongwe. Alikuwa amevaa shati la safari, kofia mkononi, anachechemea.

"Fundi, nimefuata raketi zangu. Gari linaondoka saa nne."

"Zipo. Hukuniambia nizikaze kiasi gani, nimeweka kama kawaida yako."

"Ulivyoweka ndivyo. Zinaenda kutundikwa ukutani." Mkongwe akaipokea moja, akazigonga nyuzi zake kwa kidole, akamsogezea Fundi sikioni kwa utani. Wakatabasamu. Akazunguka chumba kwa macho, zile picha za zamani zilizopauka, raketi za mbao juu ya kabati. "Unajua mimi nilikuwepo?"

"Wapi?"

"Siku yako ile. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikaa juu ya ukuta, kuna karani alinipakata ili nisianguke, na mimi nilikuwa mkubwa vile, nikaona haya." Akacheka kidogo. "Ulipoinua mkono, yule karani akaniambia, mwangalie vizuri yule. Nikakuangalia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, mimi nataka kucheza wawili wawili. Akaniuliza, kama nani, kama walioshinda? Nikamwambia hapana."

Fundi alijifanya anatafuta koleo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno kama hayo, na yalikuja siku mbaya.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi mwingine," Mkongwe akaendelea. "Matokeo yameshaandikwa, hayabadiliki, wala sitaki yabadilike. Nataka tu nikapande gari nikiwa najua. Umri unaondoka na mambo mengi, nataka kujua kama na masikio yameondoka. Ule mpira wa mwisho. Ulikuwa pale benchini. Ulimgusa, haukumgusa?"

Akilini Fundi aliona lile boksi la viatu likishushwa kutoka juu ya kabati. Aliona mwanawe na mfuko wa saruji mgongoni, vumbi limemjaa kwenye kope.

"Sikusikia kitu," alisema. "Uwanja mkubwa walikuwa wanapiga makelele."

Mkongwe akaitikia kwa kichwa, na uso wake ukalainika, maana alikuwa ameamini.

"Basi ni mimi. Masikio yamekwenda na goti." Akapangusa uso kwa kofia. "Na nimemwita mtoto wa watu mwizi mbele ya kadamnasi. Ngoja nikamwombe radhi kabla gari halijaja."

"Si lazima," Fundi alisema haraka. "Kijana ameshasahau."

"Mimi sijasahau," alisema Mkongwe, akazikumbatia raketi zake tatu na kutoka.

Fundi alisogea dirishani. Kijana na Mnara walikuwa uwanjani kwa nje wanapasha misuli moto, na Katibu amesimama nao, faili kwapani, pamoja na wachezaji wengine waliokuwa wanangoja gari. Mkongwe alizilaza raketi zake chini, akavua kofia aliyoivaa muda si mrefu, na kwa kuwa alitukana kwa sauti, akaomba radhi kwa sauti. Kila neno lilifika dirishani. "Nilikukosea, mdogo wangu. Nilikuita jina ambalo si lako. Naomba unisamehe mbele ya hawa hawa waliosikia." Akanyoosha mikono yote miwili.

Kijana akaipokea. Angefanya nini? Wachezaji wakapiga makofi, Katibu akampiga Mkongwe begani. Na kijana, juu ya bega la mzee yule, akainua macho akaangalia dirisha la chumba cha baba yake.

*

Kijana hakugonga mlango. Aliingia, akaurudishia, akasimama.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia sikusikia."

"Ulisikia."

"Nilisikia," alisema Fundi. Hakuacha kuvuta uzi. "Ukingoni, kulia, juu. Alama hii hapa."

Kijana hakuitazama. Alikaa juu ya kreti la mipira ya zamani, viwiko magotini. "Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini? Ulitaka nimwambie nini, Jumatatu ukabebe saruji?"

"Mimi nilijua utasema, baba." Alikuwa anaongea akiangalia sakafu. "Jana mwamuzi aliponiuliza nilijua uko nyuma yangu. Nikasema moyoni, baba kasikia, baba hatanyamaza. Nikasema hapana kwa sababu hiyo. Mdomo ulikuwa mwepesi kabisa. Jana jioni nikakuangalia, nikangoja uniite nje uniambie vaa viatu twende tukaseme. Ukacheka na majirani. Leo nimemwona yule mzee anaingia humu, nikajua yamekwisha. Na nilishusha pumzi, baba. Haki ya Mungu nilifurahi. Halafu anatoka humu anakuja kuniomba radhi mimi."

Akajifuta pua kwa mkono wa jezi kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Kuna mpira mmoja katika mchezo wa wawili ambao kila mwalimu huupigia kelele, ule unaopita katikati. Wa kushoto anamwachia wa kulia, wa kulia anamwachia wa kushoto, kila mmoja akimwamini mwenzake, na mpira unapita katikati yao huku wote wawili wakiusindikiza kwa macho. Hakuna aliyeshindwa kuufikia. Fundi alikuwa ameuona mara elfu, na sasa aliuona tena, akauacha uzi ukamponyoka kidoleni.

"Mimi nilikuwa naomba Mungu unyamaze," alisema. Ilimtoka kwa shida. "Pale benchini. Nilikuombea ukatae."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyenyanyua mkono?"

"Wakati ule nilikuwa sina mtoto."

Kijana akatikisa kichwa. "Nyumbani huwa mnaicheka siku ile. Nimekua mnaicheka. Mama anacheka kwa maneno, lakini wewe, baba, ndiye unayecheka kila mara bila kukosa. Mimi nikajua hata mwenyewe unajuta."

"Sikujuta."

"Hukuwahi kusema."

Ilikuwa kweli tupu. Miaka ishirini na minne Fundi alikuwa amekitunza kitu chake kizuri peke yake ndani ya chumba hiki, na mezani mbele ya watoto alikuwa anakitupa chini kila siku pamoja na wenzake. "Sikuwahi kusema," alikubali. Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kuliko kushindwa kokote alikowahi kushindwa.

Nje injini ikanguruma. Gari la wachezaji lilikuwa limefika mbele ya ofisi. Kijana akasimama.

"Katibu anawasindikiza mpaka stendi," Fundi alisema. "Anakaa kiti cha mbele. Utasema mbele yake."

"Najua anakaa wapi."

Akatoka. Hatua tatu za kwanza alitembea, halafu akaanza kukimbia.

Mama alikuwa kwenye kamba zake, kikapu cha taulo mbichi kiunoni, alipomwona mwanawe anapita mbio. Akamgeukia Fundi aliyesimama mlangoni. "Anakimbilia wapi huyo? Si ana fainali? Atajichosha bure."

"Mpira ulimgusa," alisema Fundi. "Jana. Anaenda kumwambia yule mzee."

Mama akakishusha kikapu chini, taratibu. "Ulimgusa."

"Ulimgusa. Mimi nilisikia. Yule mzee alikuja asubuhi hii kuniuliza, nikamwambia sikusikia kitu. Ndiyo maana akamwomba mtoto radhi."

Fundi alingoja Mama aseme habari za saruji, za mjomba, za msimu mzima nje. Alikuwa na haki ya kusema.

"Wewe umesema uongo?" aliuliza. "Wewe?"

"Mimi."

"Mimi nakucheka miaka yote hii kwa sababu nilijua huwezi," alisema Mama, na macho yakamjaa machozi palepale, akayafuta kwa taulo ya klabu. "Nilikuwa najua, hata tukikosa kila kitu, hilo tunalo. Mtu hucheka kilicho chake." Kisha sauti yake ya kila siku ikarudi. "Sasa umesimama hapo unangoja nini? Mwenzako ameenda kusema lake. La kwako nani atakusemea?"

Fundi akaenda. Alikuwa na miaka hamsini na hakuwa amekimbia tangu lini sijui, lakini alikimbia, msharasi bado mkononi, akapita uwanja namba nne, akapita ofisi. Gari lilikuwa limefika getini likasimama, mlango wazi. Mkongwe alikuwa ameketi kwenye kidato cha gari, kofia magotini, na kijana kasimama mbele yake anamalizia kuongea. Katibu alikuwa ameshuka na faili lake. Wachezaji wengine walitoa vichwa madirishani.

"Na mimi," alisema Fundi, akihema. "Na mimi nilikudanganya, ndugu yangu. Nilisikia vizuri kabisa. Ulikuwa sahihi."

Katibu ndiye aliyekohoa kwanza.

"Matokeo ya jana hayaguswi," alisema. "Fainali iko palepale. Lakini hayo mengine tuliyozungumza, ya msimu, itabidi chama kikae kwanza." Alilisema lile neno kikae kwa upole sana, na watu wote pale walikuwa wamefanya kazi na vyama vya kutosha kulielewa. Kijana aliitikia kwa kichwa.

Mkongwe alijiinua kwa kushika mlango. Alimpa Fundi mkono, akaubana, hakuuachia. "Kwa hiyo masikio yangu mazima," alisema.

"Mazima."

Akamgeukia kijana, akampa mkono mmoja, wa juu ya wavu, kama wanavyopeana wachezaji mchezo ukiisha. "Cheza vizuri leo," akamwambia, akapanda, na gari likaondoka.

Baba na mtoto walirudi polepole kupitia ukuta wa uwanja mkubwa. Ulikuwa mtupu saa ile, umefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa mahali walipokuwa wanakaa makarani.

"Mnara ataninunia," alisema kijana.

"Atanuna. Wangu hajaniongelesha mpaka leo."

"Mpaka leo? Na hukujuta?"

Fundi alifikiri, maana safari hii alitaka kusema kweli yote. "Siku nyingine nilijuta. Ulipougua utotoni, na hatuna kitu, nilijuta. Siku nyingi sikujuta."

Kijana akachukua msharasi mkononi mwa baba yake, akaubeba yeye. Mbele yao, penye kamba, Mama alikuwa ameshaanza kuanika tena, lakini alikuwa anaangalia upande wao.

"Raketi yangu imefika wapi?"

"Imebaki nyuzi nne."

"Basi twende ukamalize," alisema kijana.